Mcheka Yote Mwishoni mwa Yote: Kuifasiri Picha ya Democritus

Wengi wetu katika chama hiki hufundisha ushairi, hadithi na sarufi. Picha tunawaachia wengine. Hata hivyo, zipo picha za zamani ambazo zimechapwa pamoja na maandishi chini yake, na penye maandishi mwalimu wa lugha hawezi kusema kwamba kazi si yake. Makala haya yanahusu picha moja ya namna hiyo, iliyotengenezwa Italia mwaka 1662. Tunaiandikia kwa sababu tuliwahi kuifasiri mbele ya wanafunzi wetu wa Kiswahili mjini Bujumbura, tukaifasiri vibaya, na aliyetusahihisha alikuwa mmoja wa wanafunzi hao.

Mwenye picha ni Salvator Rosa, aliyezaliwa mwaka 1615 karibu na Naples na kufariki Roma mwaka 1673. Alikuwa mchoraji, mwigizaji wa jukwaani, na mtunzi wa mashairi ya kejeli; yaani alikuwa mtu aliyejua kazi ya kucheka watu. Mwaka 1651 alionyesha hadharani huko Roma, katika jengo la kale la Pantheon, picha kubwa ya rangi yenye kimo cha zaidi ya mita tatu. Picha hiyo sasa imo katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa mjini Copenhagen. Miaka kumi na mmoja baadaye aliichora upya picha hiyohiyo kwa mkono wake mwenyewe juu ya bamba la shaba lisilofikia nusu mita kwa urefu.

Yafaa tueleze kwa ufupi namna kazi hiyo inavyofanywa, maana ufasiri wa picha hauwezi kutengana na ufundi wake. Bamba la shaba hupakwa nta. Mchoraji huchora kwa sindano, naye huondoa nta kila mahali sindano inapopita. Kisha bamba hutiwa katika tindikali, ambayo hula shaba pale tu ilipo wazi. Nta ikiisha kuondolewa, mifereji iliyoliwa hujazwa wino, karatasi hulazwa juu, na vyote hukandamizwa kwa mtambo. Picha hutoka kinyume: cha kulia huwa kushoto. Kwa hiyo herufi zozote zinazotakiwa kusomeka kwenye karatasi lazima ziandikwe kinyumenyume kwenye shaba. Mtu haandiki maneno kwa taabu hiyo bila kuyakusudia. Tena, picha ya rangi ni moja na mwenyewe ni mmoja, lakini bamba la shaba hutoa nakala nyingi ambazo huenda mbali na mchoraji wake. Asiyekuwapo kujieleza alihitaji kuacha maneno.

Tazama sasa picha yenyewe. Ni mahali pa ukiwa, chini ya miti mikubwa iliyovunjikavunjika, na mbingu nzito juu yake. Mzee ameketi, kichwa amekiegemeza mkononi, macho yameelekea chini. Amezungukwa na mifupa na mafuvu ya wanyama, na miongoni mwake limo fuvu la mtu. Kuna vitabu, kuna chombo cha mazishi, kuna mnara wa mawe wenye ncha wa aina iliyotoka Misri, kuna bundi, na kuna sanamu ya Terminus, mungu ambaye Warumi wa kale walimkabidhi ulinzi wa mipaka. Hakuna mtu mwingine aliye hai. Hakuna linalotendeka.

Mzee huyo ni Democritus wa Abdera, mji wa Wagiriki uliokuwa pwani ya Thrace. Aliishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na wanaosoma historia ya sayansi humkumbuka kwa fundisho lake kwamba vitu vyote vimefanywa kwa chembe zisizogawanyika zinazokwenda katika utupu. Lakini watu wa kale walimjua zaidi kwa jambo jingine: kicheko. Walimweka jozi na Heraclitus wa Efeso. Walisema kwamba Heraclitus kila alipotoka nje akawaona wanadamu na shughuli zao alilia, na Democritus kila alipotoka nje akawaona walewale alicheka. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwataja wote wawili, akashauri kwamba ni afadhali kumfuata huyu acheka kuliko yule aliaye. Wachoraji wa karne ya 17 waliipenda sana jozi hiyo. Hendrick ter Brugghen, kwa mfano, aliwachora wawili hao mwaka 1628. Mtazamaji wa zama hizo aliyeambiwa kwamba ataonyeshwa Democritus alitazamia kuona meno.

Rosa hakumwonyesha meno. Hapo ndipo swali la ufasiri linapoanza: kicheko kimekwenda wapi?

Siku tuliyoipeleka picha darasani tulikuwa na jibu tayari. Tuliwaeleza wanafunzi habari za mwenye kucheka, tukawaonyesha mifupa, kisha tukaandika ubaoni methali: Mcheka kilema hafi bila kumfika. Tukasema kwamba fundisho la picha ni hilo. Aliyewacheka wenzake kwa mambo ya dunia amefikwa. Kicheko kimegeuka kilio. Wanafunzi waliandika. Ilikuwa hitimisho safi, la kufaa mtihani.

Ndipo mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyanyua mkono akauliza, “Mwalimu, mbona halii?”

Tulitazama tena picha. Hakika mzee halii. Aliaye ni Heraclitus, na kama Rosa angalitaka machozi, mtu wa kuyatoa alikuwapo tayari, anajulikana na kila mtu. Sisi tulikuwa tumekwisha kuichukua picha tukaitia ndani ya methali, na kile kisichoenea tukakikata. Tangu siku ile tumeirudia picha hii mara nyingi, na haya ndiyo tunayoyaona.

Kwanza, mkao. Mswahili aonaye mtu ameegemeza shavu mkononi husema kwamba huyo ameshika tama. Watoto wa mjini kwetu mtaa wa Buyenzi hukatazwa kukaa hivyo, huambiwa kwamba wanaita msiba. Na wanafunzi wetu waliotoka milimani walilielewa neno hilo mara moja, kwa kuwa katika Kirundi shavu ni itama. Kwa hiyo darasa zima lilisoma mkao ule kuwa ni huzuni. Huko Ulaya pia mkao huo ulikuwa na maana ya huzuni, lakini haukuwa na maana hiyo peke yake. Mwaka 1514 Albrecht Dürer wa Ujerumani alichora juu ya shaba umbo la mwanamke mwenye mabawa aliyekaa vivyo hivyo kati ya vyombo vya ufundi na hesabu, akamwita Majonzi. Tangu hapo kuegemeza kichwa mkononi kulikuwa alama ya mtu aliyezama katika fikira hadi kazi ikasimama. Hata Kiswahili kinajua tofauti hiyo: ashikaye tama pengine ameomboleza, pengine anawaza. Mkao mmoja, maana mbili, na picha haichagui.

Pili, mifupa. Tuliichukua kuwa ni alama ya mauti tu. Lakini kuna hadithi ya kale, iliyomo katika barua zilizoandikwa kwa jina la mganga Hippocrates ingawa si yeye aliyeziandika. Watu wa Abdera walimwona Democritus akicheka kila jambo, hata misiba, wakasema amerukwa na akili. Wakamwita Hippocrates aje kumtibu. Mganga alimkuta mzee ameketi peke yake chini ya mti, ana vitabu, na amezungukwa na miili ya wanyama aliowapasua. Alipomwuliza, mzee alijibu kwamba anaandika juu ya wazimu, na kwamba anatafuta ndani ya wanyama mahali inapokaa nyongo nyeusi iletayo maradhi hayo. Baada ya mazungumzo yao mganga aliondoka akikiri kwamba katika mji ule mgonjwa si Democritus. Hadithi hiyo ilijulikana vema katika karne ya 17. Robert Burton wa Uingereza aliitumia katika kitabu chake kikubwa juu ya majonzi, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1621, na toleo la 1628 lilitiwa picha ya shaba mbele yake inayomwonyesha Democritus chini ya mti.

Basi mifupa ile ni mifupa ya kaburini, au ni mifupa ya mwanachuoni kazini? Ni yote mawili. Na bundi vilevile. Katika desturi zetu za pwani na za bara bundi ni ndege wa mkosi. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipoyaonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu, alimtia bundi akilia ndani yake, na hakuna msomaji wa Kiswahili anayehitaji kuelezwa maana yake. Lakini kwa Wagiriki bundi alikuwa pia ndege wa Athena, mungu wao wa hekima. Ndege mmoja ametua kwa niaba ya mabwana wawili. Kila kitu ambacho sisi tulikisoma upande mmoja, picha ilikuwa imekiweka pande zote mbili.

Tatu, maneno. Chini ya picha Rosa ameandika mistari miwili mifupi ya Kilatini. Kwa maana ya jumla inasema kwamba Democritus, mwenye kudhihaki mambo yote, amekazwa katika mwisho wa mambo yote. Tulipoisoma mara ya kwanza, kwa Kilatini kidogo tulichopata ujanani, tuliitafsiri harakaharaka: “Democritus mwenye kudhihaki vyote ameshindwa na mwisho wa vyote.” Tafsiri hiyo ilikubaliana na methali yetu. Kosa lake si dogo, nasi twapenda kulifafanua, kwa kuwa ni kosa la mwalimu wa lugha.

Tuanze na neno omnium, ambalo limetumika mara mbili. Katika Kilatini umbo hilo ni moja kwa watu, kwa vitu na kwa mambo. Kiswahili hakituruhusu kukaa kimya hivyo. Lazima tuchague ngeli: wote, vyote, au yote. Tukisema “wote”, tunamfuata Seneca, maana katika hadithi ya zamani aliochekwa ni watu. Lakini mafuvu mengi ya pichani ni ya wanyama, na mnara umesimama kuwakilisha falme zilizopita. Tukisema “vyote”, tunapata mifupa na mawe, lakini tunapoteza wanadamu. Tumechagua “yote”, yaani mambo yote, kwa sababu ndiyo inayokusanya zaidi, na kwa sababu yaweza kutumika katika mistari yote miwili bila kubadilika. Sharti hilo la kutobadilika ni kubwa. Neno la kwanza na la pili ni lilelile, lakini halikusanyi sawasawa. Katika mstari wa kwanza mwenye kucheka amesimama nje ya yale anayoyacheka. Hayo yote hayamhesabu yeye. Katika mstari wa pili naye amo. Katikati ya mistari hiyo miwili hesabu imeongezeka kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akihesabu.

Sasa tuje kwenye mwisho. Sisi tuliandika “na mwisho wa vyote”, tukaufanya mwisho kuwa mtenda: mwisho umemshinda, kama vile mwizi hukamatwa na askari. Kilatini hakisemi hivyo. Kimetumia kihusishi in, na neno finis limewekwa katika hali ya mahali. Tena finis si mwisho wa wakati tu, ni mpaka pia. Ndiyo maana sanamu ya Terminus haikai pale kwa pambo. Lugha yetu ina chombo cha kazi hii ambacho lugha nyingi za Ulaya hazina: kiambishi -ni na upatanisho wake wa mahali. Tunaweza kusema mwishoni pa, mwishoni kwa, au mwishoni mwa. Na kila mwalimu anawafundisha wanafunzi wake kwamba pa ni mahali panapoonyeshwa, ku ni mahali pa jumla, mu ni ndani. Democritus yumo ndani. Basi ni “mwishoni mwa yote”. Silabi hiyo moja, mwa, imeiondoa methali yetu ubaoni. Mwisho haukumjia mzee kama adhabu ya kicheko chake. Mzee ameketi ndani ya mwisho, kati ya mifupa aliyoikusanya mwenyewe, na alifika hapo kwa miguu yake, akitafuta kujua.

Limebaki tendo: defigitur. Shina lake ni kukaza au kupigilia, kama msumari katika ubao. Warumi walilitumia pia kwa macho yaliyokazwa juu ya kitu, na kwa mtu aliyepigwa na butwaa. Tuliwapa wanafunzi kazi ya kutafuta neno. Mmoja alileta “ameduwaa”. Ni neno zuri kwa uso, lakini halina msumari. Wa pili alileta “amenyamazishwa”. Hilo lina hukumu, nalo linarudisha ile methali kwa mlango wa nyuma. Wa tatu, mwenyeji wa Buyenzi, alileta “amegota”, kama gari lililofika mwisho wa njia. Tulilipenda sana, lakini ni la kauli ya kutenda, na Kilatini ni cha kutendwa. Wa nne alileta “amezama”. Linamfaa mwanachuoni, lakini azamaye hakulazimishwa na kitu. Mwishoni tulikubaliana juu ya “amenaswa”. Aliyenaswa hawezi kuondoka, naam. Lakini mtu hunaswa pia na hadithi, na sauti nzuri, na swali. Neno hilo linabeba mtego na mvuto kwa pamoja. Tena kwa kuwa tumesema “mwishoni mwa” wala si “na mwisho”, kauli ya kutendwa imebaki bila mtenda, kama ilivyo katika Kilatini. Ni nani aliyemnasa? Maneno hayasemi.

Tunakubali kwamba tafsiri yetu imepoteza jambo moja. “Amenaswa” haiyataji macho. Lakini macho yamo pichani. Maandishi haya hayakuandikwa ili yasomwe peke yake. Sehemu ya maana imeachiwa uso wa yule mzee, na mfasiri anayetafsiri maneno bila kuitazama picha atahangaika kutia katika sentensi kitu ambacho tayari kipo juu yake.

Kuna jambo la tarehe ambalo mhakiki hana budi kulitaja kwa hadhari. Mwaka 1656 tauni iliingia Naples, na ikamwondolea Rosa mwanawe mdogo Rosalvo pamoja na ndugu yake. Ni rahisi kusema kwamba Democritus huyu ni baba aliyefiwa. Lakini picha ya rangi ilionyeshwa mwaka 1651, miaka mitano kabla ya msiba. Mkao, mifupa na bundi vilitangulia. Havikutoka katika kaburi la mtoto. Linaloweza kusemwa kwa haki ni hili tu: mwaka 1662 mtu aliyekwisha kuzika aliirudia picha aliyoibuni kabla ya kuzika, akaichora mstari kwa mstari kwa sindano, na hakuona haja ya kumliza mzee. Kwetu sisi jambo hilo ni zito kuliko kama angalimliza.

Hatusemi kwamba picha haina dosari. Rosa amerundika alama kupita kiasi. Mnara, chombo cha mazishi, mafuvu, miti iliyovunjika, kila kimoja kinapaza sauti neno lilelile, na mtazamaji huchoka kama msikilizaji wa hotuba ambayo kila aya yake inaanza upya. Hiyo ni tabia ya mtindo wa Baroko, uliopenda kujaza. Kinachoiokoa ni kwamba katikati ya kelele hiyo yote pameachwa mtu mmoja asiyesema neno. Kama uso wake ungalisema mauti nao, picha ingalikuwa orodha.

Walimu wenzetu, mazoea yetu ya kutafuta fundisho mwishoni mwa kila kazi ya sanaa yana manufaa yake. Mwanafunzi anahitaji kushika kitu mkononi anapokwenda mtihanini. Lakini fundisho likitangulia, macho hufuata nyuma yake kama kipofu anayeongozwa na fimbo. Siku ile ubaoni sisi ndio tuliokuwa Democritus wa mstari wa kwanza: tulisimama nje ya picha, tukaihukumu, tukaifunga. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini mzee halii alituingiza ndani.

Tafsiri ambayo darasa letu limeiafiki ni hii: “Democritus, mcheka yote, amenaswa mwishoni mwa yote.” Tumetumia “mcheka” badala ya “mdhihaki” kwa sababu katika Kiswahili kumcheka mtu ni kumdhihaki, na kucheka tu ni furaha, na tunataka zote mbili zisikike kabla hazijanyamaza. Mwenye neno bora kuliko “amenaswa” tunamwomba alilete katika bulletini hii. Yule mwanafunzi wa nyuma hajaridhika nalo bado.